Mchezo Darasani Si Upotevu wa Wakati



Juma lililopita mkulima mmoja wa mahindi wa upande wa Kitale alinijia na malalamiko. Alikuwa amepita karibu na darasa la mwanawe wakati wa somo la Kiingereza, akasikia makofi na vicheko. Watoto walikuwa wamesimama, na mwalimu akicheka pamoja nao. Akaniuliza, "Je, haya ndiyo mambo niliyouzia magunia yangu?"

Nilimjibu kwa habari za utoto wangu. Katika shule niliyosoma, si mbali na Bungoma, mtoto aliyeponyokwa na neno moja la lugha ya mama alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe aliyekosa vilevile. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Tulijifunza nini? Tulijifunza kunyamaza. Nilitoka shuleni naweza kuandika Kiingereza bila kosa, lakini siku ya kwanza ofisini, simu ilipolia, nilitoka nje nikajifanya sikusikia.

Mafundisho ya mchezo si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1957 Idara ya Elimu ilifungua kituo maalumu Nairobi, na kutoka huko yakaenea mafundisho mapya ya Kiingereza kwa watoto wadogo, kwanza katika shule za Waasia. Watoto walijifunza kwa nyimbo, picha na vitendo. Lakini shule ziliongezeka upesi kuliko waalimu waliofunzwa kazi hiyo, na mahali pengi watu wakarudia kukariri. Ama kuhusu kiboko, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuteswa, iwe mwilini au moyoni. Kwa hiyo mwalimu anayetaka darasa lisiwe na hofu hafanyi anasa, bali atii sheria.

Sasa na tutazame faida yenyewe. Katika Kibukusu, sauti za p na b, t na d, k na g hazitengi maneno kama zifanyavyo katika Kiingereza. Hali ni hiyo hiyo katika Kisabaoti cha Mlima Elgon na lugha nyingine za Kikalenjin. Basi mtoto wa Bungoma na mtoto wa Kitale huanguka katika shimo moja: akitaka kusema "big" hutoka "pig", na mtu mkubwa akageuka nguruwe! Ukimcheka kwa dharau, hatasema tena. Lakini mpe kipande chembamba cha karatasi akishike mbele ya midomo. Akisema "pig" sawasawa, karatasi hupepea. Akisema "big", karibu itulie. Mstari mmoja wa madawati ushindane na mwingine, na karatasi iwe mwamuzi. Hapo kosa si aibu tena, ni sehemu ya mchezo.

Mchezo wa pili ni wa soko. Mtoto mmoja awe mwuzaji na mwingine mnunuzi, punje za mahindi ziwe fedha, nao waulizane bei kwa Kiingereza. Wa tatu ni wa kikapu: mwalimu afiche kitu ndani, na watoto waulize mpaka wakitambue. Tazama, mambo haya hayahitaji fedha, wala vitabu vya kutoka ng'ambo.

Najua waalimu watasema, "Madarasa yetu yamejaa tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003." Ni kweli. Lakini darasa likiwa kubwa, ndipo mtoto mmoja mmoja hukosa nafasi ya kusema. Wakigawanywa wawili wawili, wote husema kwa dakika hizo hizo chache.

Hata hivyo sisemi kila kelele ni elimu. Mchezo uwe na kanuni, uwe na kusudi moja, na ukome watoto wangali wanautaka. Kisha wakae, waandike katika madaftari yale waliyoyasema. Mwalimu asiyefanya hivyo, mzazi ana haki ya kumwuliza.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani, msimwulize tu, "Umepata alama ngapi?" Mwulizeni pia, "Leo umesema nini?" Mkulima yule alifanya hivyo jioni ile ile. Aliniambia kwamba mwanawe alimtajia jembe, panga, ndoo na gunia kwa Kiingereza, kisha akadai baba naye ajaribu. Baba akakosea "bag". Mtoto akaenda kutafuta karatasi.

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Na tuwaache watoto wetu wakosee kwetu wakicheza, ili simu itakapolia ofisini waipokee.