Kabla ya ndege ya mvua, tudai shilingi irushwe

Kila mvua ikikata katikati ya msimu, simu yangu inajaa video za ndege za Uarabuni zinazomwaga dawa mawinguni. Swali ni lile lile: afisa, kwa nini na sisi Maswa tusiletewe? Wengine wako tayari kuchanga kwa ekari. Msimamo wangu ni huu: ndege ije, ila isilipwe kwa sababu tu eti mvua imenyesha.

Tuelewane kwanza. Mvua ya kutengeneza haitengenezi wingu. Wingu lililopo linapewa chembe za chumvi au ayodaidi ya fedha ili matone yakue na kuanguka. Anga likiwa jeupe kama la Agosti, hakuna kitu. Kwa hiyo rubani anaruka siku zenye mawingu mazito tu, yaani siku ambazo mvua ingeweza kunyesha bila yeye. Hapo ndo pesa ya mkulima inapoliwa. Nyalikungu tunajua, mvua inapiga upande mmoja wa barabara, wa pili vumbi tupu.

Wala si jambo geni nchini. Januari hadi Aprili 1951 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilijaribu Kongwa, kule kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Baada ya ukame na mgawo wa umeme wa 2006, Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akazungumzia kuleta utaalamu wa Thailand. Watu wakabishana kama waamini au wasiamini. Kupanga jaribio ndo kulikostahili mabishano.

Mimi ningepanga hivi. Kabla ya msimu tunaandika sifa za siku inayofaa: wingu liwe nene kiasi gani, upepo utoke wapi. Siku ikitimiza sifa, mtu asiye na maslahi anarusha shilingi. Ikiangukia kichwa, ndege inapanda na dawa. Ikiangukia upande wa pili, inapanda na mzigo usio na dawa, na rubani mwenyewe asijue kabeba nini. Vipima mvua vitawanywe Nyalikungu, Zanzui, Lalago, Malampaka, na anayevisoma saa tatu asubuhi asijue shilingi ilisemaje. Mwisho tunalinganisha siku za dawa na siku zisizo na dawa, siyo mwaka huu na mwaka jana.

Na msimu mmoja hautoshi, maana nyongeza inayotafutwa ni ndogo kuliko mvua yetu inavyopanda na kushuka yenyewe. Israeli walitegemea jaribio lao la miaka ya 1960 lililoonyesha kama asilimia 15. Jaribio lao la nne, lililochagua siku kwa bahati nasibu kati ya 2013 na 2020, likatoa asilimia 1.8, kiasi ambacho bahati tu inaweza kukileta. Hao wana rada na fedha, bwana.

Kama mnachanga kweli, anzeni na vipima mvua. Cha plastiki hakifiki bei ya mfuko wa mbolea, na milimita zake zitakusaidia kuamua lini upande pamba hata ndege isipokuja. Wenye navyo tayari, nitumieni namba zenu za Novemba, hata picha ya daftari inatosha.