Mke Mbinga, Mume Uingereza: Dhamana ya Viza na Haki za Ndoa

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja tulipokuwa Mbamba Bay, mzee mmoja alitungoja nje ya msikiti hadi watu walipotawanyika, kisha akatushika mkono na kutuketisha barazani. Binti yake ameolewa na kijana wa Mbinga mjini ambaye ana ukaazi wa kudumu nchini Uingereza, anakofanya kazi ya kuwahudumia wazee. Nikahi ilifungwa kwa walii na mashahidi, mahari ikatolewa, walima ukaliwa, cheti cha ndoa kikapatikana. Mume alikaa wiki tano, akarejea kazini. Tangu siku hiyo imetimia miaka miwili kasoro miezi michache, na binti yuko kwa wakwe zake akingoja viza. Mume hupiga simu kila usiku na hutuma fedha kila mwezi. Katika hilo hana lawama. Kilichokwamisha ni mshahara wake, ambao haufiki kiasi kinachotakiwa na serikali ya kule kwa mtu anayetaka kumleta mke.

Basi wazee wa pande zote mbili walikutana wakapata shauri. Mjomba wa binti angeuza mtumbwi na nyavu zake, baba wa mume angetoa fedha za kahawa, na jamaa wa Songea, Dar es Salaam na Muscat wangechangia. Fedha hizo zingewekwa katika akaunti ya kijana kwa miezi sita zionekane kuwa ni akiba yake. Viza ikishatoka, kila mtu arudishiwe chake. "Sheikh wetu," akauliza mzee, "hili lina ubaya gani? Si tunawasaidia watoto wetu wakae pamoja kama Mola alivyotaka?"

Tuliona swali hili si la mzee huyo peke yake. Familia nyingi za Kiislamu nchini mwetu zina kijana au binti aliye ng'ambo, na wengi huingia katika ndoa za namna hii bila kujua kilichoko mbele. Kwa hiyo tumeonelea tuliseme hapa.

Kwanza tuanze na hesabu, maana wazee wale walikuwa wamepanga kuuza mtumbwi kabla ya kuipiga. Uingereza iliweka kima maalumu cha mapato kwa anayemdhamini mke au mume mwezi Julai 2012, nacho kilikuwa paundi 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000, sawa na zaidi ya shilingi milioni 80 za Tanzania. Ilikuwapo azma ya kukifikisha paundi 38,700, lakini serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ikaisimamisha. Mshahara wa mke aliyeko huku hauingizwi katika hesabu hiyo, hata angekuwa mwalimu au mhasibu. Akiba inaweza kuziba pengo, lakini kwa masharti mazito: paundi 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa, na juu yake hutakiwa mara mbili na nusu ya kiasi kinachopungua katika mapato ya mwaka. Kijana wetu anapungukiwa paundi 3,000. Mara mbili na nusu ya hizo ni 7,500. Ukijumlisha na 16,000 inakuwa paundi 23,500. Ongeza ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mbali na ada ya viza yenyewe. Tulipomsomea mzee jumla ile kwa shilingi, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mtumbwi wa shemeji yake hauwezi hata kuonekana ndani ya fedha hizo. Tukaona uchungu wa jambo moja zaidi: mshahara huo huo, kabla ya Aprili 2024, ungetosha na kubaki.

Je, sharti la kipato ni jambo geni katika dini yetu? Hapana. Matumizi ya mke (nafaqa) ni wajibu wa mume kwa Qur'ani, kwa Sunna na kwa ijmai ya wanavyuoni. Fatima bint Qays (RA) alipomwendea Mtume (SAW) kutaka shauri juu ya waliomposa, akiwamo Muawiya, Mtume (SAW) alimweleza wazi kwamba Muawiya ni fukara asiye na mali. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, nayo inatufunza kuwa kuutazama uwezo wa mposaji si tamaa, ni nasaha. Wazee wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa walilijua hilo tangu zamani. Walioana na watu wa Likoma na wa upande wa Msumbiji, posa ikavushwa kwa mtumbwi, na mkwe akataka kwanza kujua kama kijana anaweza kuvua na kulima. Huko kwenye milima ya Umatengo alitazamwa kama anaweza kuchimba ngolo.

Lakini tazameni sheria ya Mola ilivyolipima jambo hili. Katika Suratu Talaq, aya ya 7, Mwenyezi Mungu (SW) ameamrisha kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika kile alichopewa, wala hakumkalifisha mtu zaidi ya alichompa. Imamu Nawawi, katika kitabu cha Minhaj ambacho wengi wetu tumekisoma madrasa, ameeleza kipimo cha madhehebu ya Imamu Shafi'i: tajiri atatoa mudi mbili za chakula kwa siku, maskini mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Maskini hakuambiwa kuwa ndoa si yake kwa sababu hakufikisha mudi mbili. Kima kimoja kwa watu wote, cha mhudumu wa wazee na cha mwenye kampuni, cha anayeishi mji wa gharama na cha anayeishi kijijini, kinaacha jambo ambalo sheria yetu haikuliacha. Tunasema hivi bila kudai kwamba serikali za watu hazina haki ya kulinda hazina zao. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kesi juu ya kima hiki mwezi Februari 2017, ilikubali kwamba kuwapo kwake si kinyume cha sheria, lakini ikaikosoa serikali kwa kutoyatazama ipasavyo maslahi ya watoto. Hata wao kwa wao, basi, wameliona.

Hata hivyo, ukali wa sharti hauhalalishi uongo. Hapa ndipo tulipomjibu mzee kwa neno ambalo hakupenda kulisikia. Fedha za mkopo zinazowekwa benki ili zionekane kuwa akiba, kisha zirudishwe kwa wenyewe, ni ushahidi wa uongo ulioandikwa. Sheria ya kule yenyewe inakataa mkopo na inakubali zawadi, mradi fedha zimekaa chini ya mamlaka ya wanandoa kwa miezi sita na asili yake imeelezwa. Tofauti hii si ngeni kwetu hata kidogo, kwani fikihi imepambanua hiba na karadha tangu karne za mwanzo. Mjomba akitaka kutoa, na atoe hiba, akijua kuwa mtumbwi umekwenda na haurudi, na kwamba mpwawe akiamua kesho kununulia fedha zile gari, hana la kumdai. Kama moyo wake hauko tayari kwa hilo, basi hakutoa, na asisaini popote kwamba ametoa. Mtume (SAW) amemtoa katika safu yake mwenye kughushi, wala hakusema kuwa aghushiwe kafiri na asighushiwe Muislamu. Wapo wanaotuambia, "Lakini Sheikh, hao nao wanatudhulumu." Tunawajibu: aliyeingia katika nchi kwa viza ameingia kwa ahadi, na kutimiza ahadi ni amri ya aya ya kwanza ya Suratul Maida. Tena, huo uongo ukigunduliwa, anayebeba gharama ni binti aliyeko Mbinga. Maombi hukataliwa, na jina lake hubaki katika kumbukumbu zao kwa miaka.

Kwa jamaa walioko Marekani kuna hatari ya namna nyingine, na hapa tunataka wasomaji wawe macho, kwani tumeona watu wakilichukulia jambo hili kwa wepesi. Kule hutumika hati ya dhamana iliyowekewa nguvu na sheria ya mwaka 1996. Mdhamini huonyesha mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha nchi ile. Kwa mwaka 2025, kwa kaya ya watu wawili, ilikuwa kama dola 26,437. Aliyepungukiwa huruhusiwa kutafuta mdhamini mwenza, raia au mkaazi wa kudumu aishiye huko huko. Ndipo binamu hupigiwa simu usiku akaambiwa, "Ndugu yangu, weka saini tu, ni karatasi." Si karatasi. Ni mkataba kati ya mdhamini na serikali, na aliyedhaminiwa anaweza kuupeleka mahakamani. Haumaliziki mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aihame nchi moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Talaka haiuondoi. Binamu anaweza kujikuta anadaiwa matumizi ya mwanamke ambaye mumewe alimwacha zamani! Kwamba milango ya nchi ile hufunguliwa na kufungwa kwa amri za watawala wake ni suala jingine. Saini iliyokwisha kuwekwa hubaki. Nasi tuna hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi yenye maana kwamba mdhamini ndiye mlipaji. Basi anayeombwa dhamana na aisome hati yote, amshirikishe mkewe, na ajiulize kama yuko tayari kulipa. Akikataa hakukata udugu.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo katika mazungumzo yote ya barazani lilikuwa halijatajwa: haki ya mke. Wazee walizungumza juu ya fedha, mtumbwi, kahawa na ubalozi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (RA), katika mzunguko wake wa usiku Madina, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Alikwenda kwa bintiye Hafsa (RA) akamwuliza mwanamke anaweza kustahimili kwa muda gani kuwa mbali na mumewe. Jibu, kwa riwaya zilivyotofautiana, lilikuwa miezi minne au sita, na Umar akawawekea askari mpaka wa kukaa mbali na wake zao. Hao walikuwa katika jihadi. Huyu wetu yuko kazini, nayo ni kazi ya halali na ya heshima, lakini miaka miwili imepita. Mke anayekubali kungoja kwa ridhaa yake ana malipo yake kwa Mola wake. Mke anayengoja kwa sababu hakuna aliyemwuliza, huyo amedhulumiwa hata kama fedha za matumizi zinafika kila mwezi.

Na hapa tunalaumu mawalii, nasi wenyewe tunaosimamia nikahi hatujitoi. Kijana akitoka ng'ambo, sote tunashughulika na mahari, mazulia na wageni. Hatumwulizi: una hadhi gani katika nchi ile, mshahara wako ni kiasi gani, kima chao ni kipi, umejiandaa kwa muda gani, na ukishindwa utafanya nini? Maswali haya si utovu wa adabu. Mzee wa Mbinga anayejua kilo ngapi za kahawa atavuna asione haya kumwuliza mkwe karatasi zake za mshahara. Wengine huozesha kwa simu kwa njia ya wakala, wakitegemea kwamba uwakala katika nikahi unafaa katika fikihi, na ni kweli unafaa. Ila Uingereza hutaka wanandoa wawe wamewahi kuonana ana kwa ana, na ndoa iliyo sahihi kwetu inaweza isifae kitu dirishani mwao. Tungependelea ahadi ya muda iandikwe kabla ya akdi, mbele ya mashahidi, hata kama wanavyuoni wetu wa Kishafi'i wamekuwa wazito katika masharti ya ndoa kuliko Mahanbali. Ikifika tarehe na viza haijapatikana, pande mbili zikae tena.

Tulimwambia mzee kuna njia ya tatu ambayo vijana wa ng'ambo hawapendi kuisikia, nayo ni kurudi. Si lazima iwe daima. Mbinga ya leo si ile ya ujana wetu. Barabara ya lami imefika hadi Mbamba Bay, mashamba ya kahawa yapo, na mtu aliyejifunza kuhudumia wazee kwa utaratibu ana ujuzi ambao nchi yetu itauhitaji. Hatusemi kwamba ni rahisi. Ana wadogo anaowasomesha kwa mshahara ule, na hilo nalo ni haki. Tunasema tu kwamba liwekwe mezani pamoja na mengine, kwa kuwa mpaka siku ile lilikuwa halijawekwa.

Tulimpigia simu kijana hapo hapo, mzee akisikiliza. Alitusalimu kwa adabu. Alisema ameomba zamu za usiku, na kwamba zikidumu huenda pengo likafungwa bila mchango wa mtu. Kuhusu kurudi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shikamoo Baba, nipe muda nifikiri," maneno ambayo hayakuwa yetu bali ya mkwe wake. Mzee aliitikia marahaba, na macho yake yakaenda ziwani.

Tukamwuliza mzee: binti mwenyewe anasemaje? Akasema, "Kwa kweli, Sheikh, hatujamwuliza." Gari la kwenda Mbinga lilikuwa bado linapakia abiria. Aliwahi siti ya mwisho.