Swali la Mpwa kwa Mjomba

Katika hekaya za kale za Ulaya, zile za mashujaa wapanda farasi, uchawi na safari ndefu za kutafuta kitu cha thamani, msomaji hutarajia upanga ndio uwe na neno la mwisho. Ipo moja ambayo penye shida yake kubwa upanga haufai kitu. Linalotakiwa ni swali.

Ni utenzi wa Parzival, uliotungwa na Mjerumani Wolfram von Eschenbach mwanzoni mwa karne ya 13, wenye mishororo zaidi ya 24,000. Baba yake Parzival, Gahmuret, aliuawa vitani akimtumikia mtawala wa Baghdad. Mama, Herzeloyde, akamficha mwanawe msituni asije akajua habari za farasi na mikuki. Hata hivyo kijana aliwaona mashujaa wakipita, akatamani kuwa kama wao, akaenda zake. Mama akafa kwa huzuni, na mwana asijue.

Njiani mzee mmoja, Gurnemanz, akamfunza adabu, na miongoni mwa mafunzo akamwonya asiwe mwingi wa maswali. Kisha kijana akafika kwenye ngome ya ajabu, akakaribishwa na mfalme Anfortas, aliyejeruhiwa kwa mkuki wenye sumu, hawezi kupona wala kufa. Mkuki utokao damu ukapitishwa ukumbini, watu wakaangua kilio. Mwenyeji akamtunuku mgeni wake upanga. Parzival akala, akatazama yote, akanyamaza kwa kuushika wasia. Asubuhi akaikuta ngome tupu. Baadaye mchawi Cundrie akamwaibisha mbele ya Mfalme Arthur na watu wake: angaliuliza kwa huruma, mgonjwa angalipona.

Ndugu msomaji, wasia wa Gurnemanz haukuwa mbaya. Nasi huwafunza watoto wetu wasidadisi mambo ya wakubwa, na twafanya vyema. Lakini mdadisi huuliza kwa haja yake mwenyewe, na amjuliaye mtu hali huuliza kwa ajili ya yule anayeulizwa. Mtoto asipofunzwa kuyatenga mawili hayo, hukua akidhani kwamba kunyamaza ndiko heshima yote.

Ndiyo maana katika majumba yetu mzee huweza kulala kitandani miezi mingi, wageni wakaja, wakanywa kahawa, wakazungumza harusi na siasa, wakaondoka. Habari za ugonjwa humwuliza binti yake, mlangoni, kwa sauti ya chini. Mwenye kuumwa mwenyewe yumo chumbani, anasikia minong'ono, wala hapana aliyeketi karibu naye akamwuliza usiku wake ulipitaje.

Parzival alitangatanga miaka kabla ya kupewa nafasi ya pili. Karibu na mwisho wa safari alipigana na mpanda farasi asiyemjua, na upanga wake ukavunjika. Yule mgeni akautupa wake, kwani hakuona fahari kumpiga asiye na silaha. Walipotajiana nasaba, wakatambua kuwa ni ndugu kwa baba: huyu ni Feirefiz, mwana wa Belakane, malkia mweusi. Mtunzi hakuijua dini ya watu wa mashariki, hata akamfanya Feirefiz amwite Jupiter. Lakini uungwana wa siku ile alimpa yeye.

Ndugu hao wawili wakaenda pamoja ngomeni. Parzival alikwisha kujua kwamba yule mfalme ni ndugu wa mama yake. Akamkabili, akamwita mjomba, akamwuliza linalomsumbua. Anfortas akainuka mzima.

Swali letu halina uchawi huo, wala mgonjwa wetu huenda asiinuke. Hata hivyo kuzuriwa ni haki yake, na aliyezuriwa bila kuulizwa hajapewa haki hiyo kamili. Juma hili tukienda kumtazama mgonjwa, tuwachukue watoto, tuwafunze kuamkia, kisha tuwaache waulize wenyewe: "Babu, waumwa wapi?" Nasi tukae tusikilize jibu mpaka amalize.