Sheria na Ganda la Risasi

Mpwa wangu aishiye Ohio, Marekani, alinipigia simu akitaka rai. Jirani amemwalika kuwinda wale paa wakubwa wa huko wenye mkia mweupe. "Mjomba," akasema, "bunduki niliyoazimwa ganda la risasi yake limenyooka. Lingekuwa na shingo, ningeshikwa."

Nilicheka. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mambo hayo tumeyasahau. Lakini kisa chenyewe si cha kuchekwa.

Sehemu nyingi za Ohio ni tambarare, mashamba na nyumba zimekaribiana. Kwa kuwa risasi ya raifa huenda mbali, mwindaji wa paa alikatazwa raifa, akaachiwa gobori au bunduki ya marisau, nayo hutiwa risasi moja nene badala ya chembe. Mwaka 2014 Ohio ikaruhusu raifa za ganda lililonyooka, lisilobana shingoni kama chupa. Risasi zake ni nene na huanguka mapema. Iowa ikafuata 2017. Illinois ikaruhusu 2023, ila bunduki iwe ya kutia risasi moja moja.

Je, hofu ile ya zamani ilikuwa ya kweli? Mwaka 2007 wabunge wa Pennsylvania waliletewa uchunguzi. Mtutu ukiinuliwa juu, raifa hushinda kwa mbali, kama watu walivyodhani. Mtutu ukilazwa sawa na ardhi, mambo hugeuka: ile risasi nene ya bunduki ya marisau hugonga chini, ikaruka, ikaendelea, hata ikaipita ya raifa.

Hapo ndipo ninapolalamika. Miaka mingapi watu wakaao kandokando ya mashamba yale wamelala wakiamini kwamba jina la bunduki linawalinda, na hakuna aliyepima? Simtetei mwenye raifa, wala sisemi kila katazo liondolewe. Nasema serikali ikimwambia mtu yu salama, imwonyeshe kipimo. Kuhesabu pembe za ganda ni rahisi kuliko kwenda shambani kutazama kilichoko nyuma ya mnyama: kilima au mlango wa mtu.

Basi nikamwuliza mpwa wangu swali hilo hilo. Akanyamaza kidogo.

"Nyuma ya shamba la jirani, Mjomba, kuna nyumba tatu."