Ukiona Roboti Imezima, Usiniite Mimi Kwanza

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata. Itangoja. Kuna jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa hapa nitalitoa kwa mtu asiye na hatia.

Huwa ninasaidia kilabu kimoja cha vijana wanaotengeneza roboti za mashindano. Kazi yangu ni programu, basi. Mambo ya nyaya na betri "yana watu wake". Siku ya mashindano, mechi yetu ya pili, roboti ilianza vizuri. Ikakutana na ya wapinzani, zikasukumana, na yetu ikazima tuli. Baada ya nusu dakika ikafufuka, ikasogea, ikasukuma tena, ikazima tena. Mechi yenyewe ni dakika mbili na nusu hivi, kwa hivyo hesabu mwenyewe tulicheza kiasi gani. Macho yote yakanigeukia mimi. "Mwalimu, programu yako ina shida."

Usiku huo sikulala. Nilisoma programu mstari kwa mstari, nikashuku kila kitanzi, nikashuku hata mistari niliyoiandika mwaka jana. Sikupata kitu. Alfajiri nikaacha kusoma, nikaiweka roboti isukume ukuta kidogo kidogo huku nimeunganisha tarakilishi yangu na Raspberry Pi iliyo ndani yake. Nikaandika amri ya vcgencmd get_throttled. Jibu likaja: 0x50000. Kwa asiyejua, hiyo ni Raspberry Pi inalia. Inasema kwamba tangu iwashwe imewahi kupata volti pungufu, chini ya takriban 4.63 badala ya 5, na kasi yake ikapunguzwa. Programu haikuwa na shida. Ilikuwa na njaa.

Ndipo nikafungua kifuniko. Nilikuta fyuzi ya ampea 30 kwenye waya wa milimita mraba 1, plastiki ya waya imelainika kama mshumaa. Nikauliza. Nikaambiwa mwanzoni ilikuwa fyuzi ya ampea 10, ikaungua mazoezini. Wakaweka ya 15, ikaungua. Wakaweka ya 30. "Na sasa haiungui," kijana akaniambia kwa fahari.

Jamani! Fyuzi ikiungua inakuambia kitu. Ukiibadilisha kwa kubwa zaidi bila kuuliza kwa nini, umefanya sawasawa na yule programa anayedaka kila hitilafu na kuitupa kimyakimya ili programu "isilalamike". Tofauti ni kwamba hitilafu yangu haiwashi moto.

Sikiliza vizuri, kwa sababu hili ndilo wengi hawalijui: fyuzi au sakiti breka haiko pale kulinda mota. Iko pale kulinda waya. Ukubwa wake unaamuliwa na unene wa waya, si na hamu ya mota. Ukitaka ampea zaidi, kwanza nunua waya mnene zaidi, kisha ndipo upandishe breka. Si kinyume chake.

Hii si falsafa yangu. Tazama mashindano ya FIRST Robotics Competition kule Marekani, ambayo kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Betri yao ni ya volti 12 ya risasi na asidi, takriban ampea-saa 18. Umeme wote unapita kwenye breka kuu ya ampea 120, kwa waya wa geji 6, karibu milimita mraba 13. Kutoka kwenye sanduku la ugawaji, kila tawi lina breka yake: ya ampea 40 inadai waya wa geji 12, ya 30 geji 14, ya 20 geji 18. Kwa vipimo vya madukani kwetu, hizo ni kama 4, 2.5 na 1. Kwa hivyo ule waya wetu wa 1 wangeuruhusu ampea 20, na sisi tulikuwa tumeufungia 30. Kule mkaguzi angeturudisha mezani kabla hatujakanyaga uwanja.

Sasa tuje kwenye kuzima kwenyewe, maana ile fyuzi ilikuwa nusu tu ya dhambi. Nusu nyingine ni ugawaji. Kwetu stima ya Raspberry Pi ilichukuliwa kwenye kiunganishi kilekile cha plastiki chenye skrubu kinacholisha mota nne, na skrubu moja ilikuwa inacheza. Fanya hesabu ya kidato cha pili. Kiungo kilicholegea kikiongeza ukinzani wa ohmu 0.01 tu, kwa ampea 100 unapoteza volti 1 nzima na kutengeneza joto la wati 100. Hiyo ni balbu ya zamani inayowaka ndani ya roboti yako, na hakuna anayeiona. Ongeza ukinzani wa betri na nyaya zote, tuseme 0.02. Kwa ampea 200, volti 4 zimekwenda. Betri ya 12 na nusu sasa ni 8 na nusu, kabla ya ile skrubu kuchukua 2 zake.

Usiniambie ampea 200 ni nyingi mno. Mota ya CIM, ambayo timu za FRC zimeitumia miaka mingi, ikizuiwa isizunguke inavuta karibu ampea 131. Weka nne zikisukuma ukuta. Na breka kuu ya 120 haitakuokoa hapo, kwa sababu inafanya kazi kwa joto. Inavumilia zaidi ya kipimo chake kwa sekunde kadhaa kabla ya kukata, na imetengenezwa hivyo makusudi. Muda huo tarakilishi yako itakuwa imekufa zamani. Ndiyo maana roboRIO, kompyuta waliyoanza kuitumia mwaka 2015, volti zikishuka hadi 6.3 huzima mota kwanza ili yenyewe ibaki hai. Toleo la pili lilipandisha kiwango hicho hadi 6.75, na unaweza kukibadilisha kwa programu. Wenzetu walijua nani alindwe kwanza. Sisi tuliweka ubongo na misuli kwenye sahani moja, misuli ikala chote.

Najua jibu mnaloniandalia. "Pesa hakuna. Vifaa vya Marekani ni dola." Sikubali. Sanduku la ugawaji la FRC ni zuri, lakini kinachofanya kazi ni mpangilio wake: kila mota na tawi lake, ubongo na tawi lake, kila tawi na ulinzi wake. Nenda Kirinyaga Road utafute sanduku la fyuzi la gari. Ni la umeme wa betri na limezoea mtikisiko. Waya wa 4 na wa 2.5 uko kila duka la vifaa vya stima. Nunua vichwa vya waya na koleo halali ya kuvibana, si meno.

Na tafadhali, msichukue breka ya ukutani mkaiita breka kuu ya roboti bila kusoma ubavuni mwake. Nyingi ni za umeme wa nyumbani, ule unaopita sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika inapokata. Umeme wa betri haupiti sifuri. Kama haikuandikwa kwamba ni ya mkondo wa moja kwa moja, iache. Kwenye matawi ya mota, ukipata breka za gari zinazojirudisha zenyewe zikipoa, chukua, kwa sababu fyuzi ikiungua katikati ya mechi imekwisha. Lakini breka kuu iwe ya kurudishwa kwa mkono, na iwe mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kuifikia na kuikata siku moshi utakapotoka.

Nami nikubali sehemu yangu, nisije nikaitwa mnafiki. Programu yangu ilikuwa inazipa mota nguvu zote kwa mkupuo. Nimeibadilisha, sasa inapanda polepole, na volti za betri zinaandikwa kwenye faili kila wakati. Hilo lilikuwa kosa langu, na ningeligundua mapema kama ningekuwa nimewahi kufungua kile kifuniko badala ya kusema mambo hayo yana watu wake.

Tulipobadilisha nyaya tulimaliza mazoezi yote bila kuzima hata mara moja. Gharama haikufika ile tuliyolipia fulana za timu. Fulana! Tulikuwa na pesa za kupendeza lakini hatukuwa na pesa za waya.

Kwa hivyo viongozi wa vilabu, msimu ujao anzeni na mchoro wa umeme kabla ya kukata chuma cha kwanza. Andikeni unene wa kila waya na ukubwa wa kila breka, muubandike ukutani. Na roboti ikizima, chukueni kipima volti kwanza, mvute kila waya muone kama unacheza. Mkimaliza hayo yote na bado imezima, hapo niiteni. Nitakuja, hata usiku.