Mafuta ya Taa Yatoke Kwenye Chupa za Soda: Waraka wa Wazi kwa Idara ya Afya, Kaunti ya Garissa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti na Mkurugenzi wa Afya ya Umma,
Serikali ya Kaunti ya Garissa.



Waheshimiwa, nawaandikia kuhusu watoto wetu wadogo na vitu wanavyovinywa majumbani wakidhani ni maji au soda: mafuta ya taa, jiki, kostiki, dawa ya kupe, piko. Nawaandikia hadharani kwa sababu kila mtoto anapofikishwa hospitalini, lawama hurudi kwa mama yake peke yake, na mimi naamini sehemu kubwa ya dawa ya jambo hili imo mikononi mwenu.

Ushauri tunaoupata ni uleule miaka yote. Weka vitu hivi juu, vifungie kabatini, mtoto asivifikie. Ni ushauri sahihi kwa mwenye kabati. Lakini tokeni kidogo nje ya mji, njia ya Balambala au ya Dadaab, mkaingie ndani ya aqal ya fito na mikeka. Hamna rafu humo. Hamna ukuta wa kupigilia msumari wala mlango wa kutia kufuli. Hata hapa mjini, kwenye bulla (mitaa) zetu, familia ya watu saba au wanane inaishi chumba kimoja cha mabati. Chini ya kitanda hichohicho mna viatu vya watoto, sufuria, jerikani la maji ya kunywa, na chupa ya mafuta ya taa. Mama wa nyumba hiyo amekosa pa kuweka, na kumwambia tena aweke juu ni kumrudishia shida yake.

Kwa hiyo naomba tuanzie dukani, kwa sababu hatari yenyewe huanzia hapo.

Simameni saa kumi na moja jioni mbele ya duka lolote la rejareja karibu na Soko Mugdi. Mtoto wa miaka saba anatumwa na chupa ya soda ya plastiki, ile ya nusu lita, karatasi yake ya rangi bado imeshika. Mwenye duka anachomeka faneli, anafungua mfereji wa pipa, anapima mafuta ya shilingi hamsini, anakaza kizibo kilekile cha soda. Mteja wa pili anataka jiki ya kupima, naye anajaziwa chupa ya maji ya kunywa. Wa tatu anataka sabuni ya maji, ya kijani, imetiwa kwenye chupa ya juisi. Vyote vitatu havina lebo ya hatari, wala alama ya fuvu, wala kizibo kinachomshinda mtoto. Halafu chupa hizo zinapelekwa kwenye chumba ambamo mtoto wa mwaka mmoja na nusu amefunzwa tangu aanze kushika kwamba ukiona chupa, ndani mna kitu cha kunywa.

Ongezeni hapo joto letu. Garissa kuna miezi ambayo nyuzi 35 ni siku ya kawaida, na mtoto mwenye kiu haonji, anagugumia. Ongezeni pia saa za mchana wa Ramadhani, wakubwa wamefunga na wamejilaza wakisubiri jua lipungue, wadogo wako macho na wanazurura chumbani. Anayeifahamu hali hii hawezi kusema kwamba yanayotokea ni uzembe wa mzazi tu.

Mafuta ya taa yanastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoyadharau. Watu husema mtoto akinywa kidogo ataharisha na kupona. Madaktari wanatuambia kwamba balaa yake haiko sana tumboni. Mafuta hayo ni mepesi, na mtoto anapopaliwa, matone machache tu yakiteleza kwenye njia ya hewa yanaunguza mapafu: kikohozi, kupumua kwa shida, homa, na wengine kufa. Ndiyo maana kumtapisha ni hatari kuliko alichokinywa, kwa kuwa mafuta yanapopanda yanapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Na sisi hufanya nini? Tunamshika mtoto pua, tunammiminia maziwa ya ngamia au mafuta ya kupikia, tunamtia kidole kooni. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, na tunamuumiza. Nimemwona jirani akifanya hayo mbele ya watu kumi, na katika watu kumi hakuna aliyemwambia aache, kwa sababu sote tulilelewa hivyo. Mtoto alipona baada ya siku kadhaa za oksijeni. Laiti kila nyumba ingejua maneno haya machache: usimtapishe, usimlazimishe kunywa kitu, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali, na ubebe chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

Kostiki, inayotumiwa kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ni mbaya kwa namna nyingine. Inachoma koo pale pale, na kidonda kinapokauka koo linasinyaa. Mtoto anayepona anaweza kukaa miezi, hata miaka, akirudishwa hospitali kupanuliwa koo ili aweze kumeza chakula. Mzazi wa Hulugho au Masalani atazimudu vipi safari hizo?

Nimetaja piko, na najua wengi hawaihesabu kuwa sumu. Ni unga mweusi wa kupaka nywele ambao dada zetu huuchanganya na hina ili maua ya mkononi yawe meusi siku ya harusi na Idi. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Sudan madaktari wameandika kwa miaka mingi juu ya watu waliomeza unga huo: uso, ulimi na shingo huvimba ndani ya saa chache hadi njia ya hewa inazibika, kisha mkojo unageuka rangi ya kahawa na figo zinashindwa. Hauna dawa ya kuuondolea makali. Daktari hubaki na kazi ya kumtobolea mgonjwa njia ya hewa shingoni na kumsafishia damu kwa mashine. Siku ya harusi bakuli la piko liko sakafuni, kina mama wamekaa duara, watoto wanapita katikati yao. Sijasikia onyo hata moja la afya ya umma hapa kwetu juu ya jambo hili.

Na sisi ni watu wa mifugo. Dawa ya kupe na ya viroboto hununuliwa kwenye chupa yake yenye lebo, kisha wenye mbuzi wachache wanagawana, kila mmoja na kichupa chake alichokiokota. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, ipo tangu 1982, na inataka dawa hizo zisajiliwe na ziwe na lebo. Lebo inabaki kwa aliyenunua chupa kubwa. Nyumba nyingine zina maji meupe ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Baadhi ya dawa hizo zikimezwa, mtoto hutokwa na mate, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano na kifua kinajaa maji. Daktari aliye na atropini anaweza kumwokoa, hasa akijua mapema mtoto amekunywa nini.

Sasa niseme ninachowaomba.

Mtaniambia mafuta ya taa yako chini ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huko Nairobi, na dawa za wadudu chini ya bodi yake. Ni kweli. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti huduma za afya na pia leseni za biashara. Leseni ya duka inatoka kwenu. La kwanza, wekeni sharti moja ndani yake: hakuna kupima mafuta ya taa, jiki, kostiki wala dawa ya wadudu ndani ya chombo kilichokuwa cha chakula au kinywaji. Chupa ya vitu hivi iwe ya rangi yake peke yake, yenye umbo ambalo hata asiyejua kusoma atalitambua, yenye kizibo cha kubonyeza na kuzungusha, na iandikwe kwa Kisomali na Kiswahili pamoja na alama ya fuvu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kulindwa afya na usalama wake, na mnunuzi wa shilingi hamsini ni mnunuzi vilevile.

Gharama naijua. Mtu anayenunua mafuta ya shilingi hamsini hawezi kuongezewa bei ya chupa kila jioni, na tangu mafuta ya taa yaongezewe ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, wengi hawana uwezo wa kununua mengi kwa mpigo. Kaunti inaweza kununua chupa hizo kwa jumla na kuzitoa kwa amana, kama tulivyozoea soda za gilasi: rudisha tupu, chukua iliyojaa. Wenye maduka wetu wanaujua utaratibu huo kwa miaka mingi.

Wala si jambo la kubahatisha. Afrika Kusini walilijaribu katika wilaya ya vijijini ya Gelukspan na matokeo yakachapishwa 1994: familia ziligawiwa vyombo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, na idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa ikapungua kwa karibu nusu. Marekani ilipitisha sheria ya vizibo vya namna hiyo mwaka 1970. Na Kenya yenyewe, Agosti 2017, ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na maduka yale yale ya bulla zetu yakabadilika. Anayesema wenye maduka hawatatii amesahau mwaka huo.

La pili ni daftari. Kila mtoto anayeletwa hospitali ya rufaa ya kaunti au zahanati yoyote akiwa amemeza kitu, paandikwe alikunywa nini, kilikuwa kwenye chombo gani na kilinunuliwa wapi. Hesabu hiyo itangazwe kila mwaka. Bila hiyo, kila kikao cha bajeti mtaambiwa kwamba tatizo ni dogo.

La tatu ni wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yao Septemba 2023 nchi nzima. Wanaingia ndani ya aqal zetu na wanazungumza lugha yetu. Wafundisheni waulize chupa ziko wapi, wamweleze mama asimtapishe mtoto, na waifikishe habari ya piko kwa wapaka hina wenyewe. Mahali pasipo na ukuta wasaidie familia kupata kasha dogo la chuma lenye kufuli, hata moja kwa nyumba tatu. Maimamu na redio za Kisomali mkiwaomba watawaunga mkono. Msisahau pia kwamba mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yalizihamisha familia nyingi za ukingo wa Tana. Familia zikihamia mahema, vidonge vya klorini vya kutibia maji vinakaa mahali pamoja na chakula cha watoto, na kwa macho ya mtoto ni peremende.

Ada za leseni hupitishwa kila mwaka kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Liandikeni sharti la chupa ndani ya mswada ujao kabla haujafika bunge la kaunti. Mkiitisha kikao cha kupokea maoni ya wananchi, tutakuja, na tutakuja na chupa zetu za soda ili mzione.

Wassalamu,
Mzazi na mkazi wa mji wa Garissa.