Kumwuliza daktari "umejuaje?" si utovu wa adabu

Leo naomba uniwie radhi. Barua zenu nimeziweka kando kidogo ili nikusimulie kisa kilichotufika nyumbani, kwa kuwa kilinifunza jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema, kabla hujajikuta umesimama kando ya kitanda cha hospitali usiku wa manane.

Mwishoni mwa likizo ya Agosti, binti ya dada yangu, mtoto wa miaka mitatu, alirudi Nairobi kutoka mashambani Busia akiwa na homa. Siku ya pili jioni homa ilipanda, akalegea, akawa anapumua mbiombio na mikono yake ni baridi kama ya mtu aliyefua nguo alfajiri. Tulimkimbiza hospitalini. Alipopimwa damu, ikaonekana ni malaria kali. Daktari wa zamu, kijana ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka thelathini, aliamuru adungwe sindano ya malaria, awekewe oksijeni, kisha akatundikiwa chupa ya maji.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Maji yale yalikuwa yakidondoka tone moja moja. Shemeji yangu aliyatazama dakika tano, akayatazama kumi, akashindwa kuvumilia. "Daktari, mtoto ameishiwa nguvu. Mbona maji yanakwenda pole hivi? Si uyafungue yaende kasi?" Daktari akasema la. Nyanya ya mtoto naye akadakia kwamba amelea watoto saba, na amewaona wengi waliookolewa na maji. Daktari akasema la. Mimi, nami naungama, nikamnong'oneza dada yangu kwamba labda hospitali inabania dawa.

Daktari yule hakukasirika. Alimgeukia shemeji yangu akamwambia, "Baba, zamani hata sisi tungeyafungua. Lakini utafiti ulifanywa, tena hapa hapa Afrika Mashariki, ukaonyesha kwamba kuyafungua kwa mtoto kama huyu kunaweza kumwua."

Siku ya tano mtoto alitoka hospitalini akidai chipsi. Lakini usishangilie upesi, msomaji. Kupona kwake hakuthibitishi kwamba daktari alikuwa na haki. Hilo ndilo fundisho la leo, na nitalieleza.

Utafiti aliousema daktari uliitwa FEAST. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, na ulifanywa katika hospitali sita: moja Kenya, moja Tanzania na nne Uganda. Waliochunguzwa ni watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa mahututi kwa homa, damu yao haizunguki vyema mwilini. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Wakati huo katika nchi tajiri, mtoto wa namna hiyo alikuwa akimiminiwa maji mengi kwa haraka, kuanzia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 10, hizo ni mililita 200. Katika hospitali zetu nyingi jambo hilo halikuwa likifanywa kwa kawaida, na watafiti walitarajia kwamba likifanywa litaokoa maisha.

Basi watoto waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walimiminiwa maji ya chumvi kwa haraka. La pili walimiminiwa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La tatu walipewa maji polepole tu. Dawa za malaria, dawa za kuua bakteria, oksijeni na damu, wote walipewa kadiri walivyohitaji. Ni nani aingie fungu gani, si daktari aliyechagua wala si mzazi. Kura ndiyo iliyoamua.

Mwezi wa Januari 2011, baada ya watoto 3,141 kuingizwa katika utafiti, kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu ilitoa ushauri kwamba kazi isimamishwe. Katika fungu la maji ya polepole, watoto 76 kati ya 1,044 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48, yaani asilimia 7.3. Katika fungu la maji ya chumvi walifariki 110 kati ya 1,047, yaani asilimia 10.5. Katika fungu la albumini walifariki 111 kati ya 1,050, yaani asilimia 10.6. Kitu kilichodhaniwa kuwa mwokozi ndicho kilichokuwa kikiwaongezea watoto hatari. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo katika jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine.

Sasa zitazame tarakimu hizo kwa makini. Kati ya watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, karibu 89 walikuwa hai baada ya siku mbili. Daktari aliyekuwa akiyafungua maji kila siku angewaona karibu wote wakifumbua macho, wakinywa uji, wakirudi nyumbani. Je, angekosaje kuyasifu maji? Hao watatu wa ziada waliokufa katika kila mia, angewatambuaje? Hakuna mtoto anayefariki akiwa na kibandiko usoni cha kusema, "Mimi nimeuawa na maji, yule mwingine ameuawa na malaria." Katika wadi moja, kwa mwaka mmoja, tofauti hiyo haionekani kwa macho hata ya daktari hodari. Huonekana tu pale watoto wengi wanapolinganishwa na wengine wengi walio sawa nao, na kura ndiyo iliyowatenga.

Ndiyo maana nikasema kupona kwa mtoto wetu si ushahidi. Angeweza kupona hata kama maji yangefunguliwa. Wale watoto ambao nyanya yake aliwaona wakiokolewa, pengine nao wangepona bila maji hayo. Mtu mmoja aliyepona ni habari njema, wala si kipimo. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno, lakini katika jambo hili wengi walikubaliana kwa miaka mingi, na neno likaharibika.

Hapa sharti nikuonye, msomaji, usije ukaenda kung'oa dripu ya mtu. Utafiti wa FEAST haukuwahusu watoto wenye kuendesha na kutapika. Mtoto aliyekaukiwa na maji mwilini kwa sababu ya kuhara huhitaji maji, tena upesi, ya kunywa yenye chumvi na sukari au ya mshipani kadiri mhudumu atakavyoona. Ushahidi una mwenyewe. Ukiuhamisha kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine asiyefanana naye, unageuka uvumi.

Jambo la pili linalosikitisha ni kwamba ushahidi unaweza kupatikana na bado ukakaa kabatini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu maji haya mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa. Na hiyo ni afadhali, kwani kuna kisa cha zamani zaidi. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Graham Liggins na Ross Howie, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa sindano za steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi na hatari ya kufa hupungua. Wengine walirudia utafiti huo, kila mmoja kwao, lakini nyingi za tafiti hizo zilikuwa ndogo na hazikuweza kusema kwa sauti. Ilipofika 1989 ndipo zilipokusanywa na kujumlishwa pamoja, na jibu likawa wazi. Katika miaka hiyo yote kina mama wengi walikosa sindano hiyo, na watoto wakafa ambao wangeishi.

Kazi hiyo ya kukusanya tafiti zote kuhusu swali moja, njema na mbaya, na kuzipima kwa mizani moja, ndiyo iliyoleta shirika la Cochrane mwaka 1993. Jina lake ni la Archie Cochrane, daktari wa Scotland aliyelalamika kwamba wenzake hawajaandaa muhtasari wa tafiti zote zilizotumia kura. Ukiiona nembo ya shirika hilo, vile vistari vilivyolazwa ndani ya duara ni tafiti za sindano hiyo hiyo.

Na hata hapo hadithi haikuisha. Mwaka 2015 utafiti uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kuieneza sindano hiyo hadi vijijini hakukupunguza vifo vya watoto waliozaliwa wadogo, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka kidogo. Mwaka 2020 utafiti mwingine, katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwemo tena, ulionyesha kwamba pale umri wa mimba unapojulikana sawasawa na watoto wachanga wanapotunzwa vyema, sindano huokoa. Dawa ilikuwa ile ile, ila mazingira yalitofautiana. Kwa hivyo haitoshi kuuliza kama dawa inafaa. Uliza inamfaa nani, na mahali gani.

Sasa wewe mzazi utafanyaje, nawe si daktari? Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau aliyesoma. Kuna maswali manne ambayo unaweza kuyauliza kwa heshima. Kwanza: "Daktari, tukitumia dawa hii tunatarajia nini, na tusipoitumia itakuwaje?" Pili: "Imewahi kulinganishwa na njia nyingine, au na kungoja tu?" Tatu: "Kati ya wagonjwa mia, inawasaidia wangapi, na inawadhuru wangapi?" Nne: "Waliochunguzwa walikuwa kama mtoto wangu?" Daktari mwema hataudhika. Na kama ni dharura, mwache kwanza afanye kazi yake, maswali utamwuliza hali ikitulia.

Maswali hayo hayo mpelekee jirani mwenye dawa ya mizizi, muuza vidonge sokoni, na ule ujumbe uliotumiwa katika simu asubuhi ya leo. Mtu akikwambia, "Mimi nilitumia nikapona," mpongeze, kisha umwulize ni wangapi walioitumia wasipone. Akikwambia dawa yake haina madhara hata kidogo na inatibu maradhi kumi, shika mkoba wako vizuri.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaosomea uuguzi, utabibu na ufamasia, msiridhike na maelezo ya daftari la mwaka juzi. PubMed, hazina ya makala za tiba ya serikali ya Marekani, imefunguliwa bure kwa kila mtu tangu 1997. Cochrane hutoa muhtasari wa lugha nyepesi bila malipo. Vyuo na hospitali nyingi za nchi kama yetu huweza kusoma majarida ya bei ghali kupitia mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Mwulize mkutubi wenu. Ukitafuta, anza na makala zilizokusanya tafiti nyingi pamoja, ndipo ushuke kwenye utafiti mmoja mmoja. Tazama ni wa mwaka gani, ni wagonjwa wangapi, walitengwa kwa kura au la, na nani aliyelipa gharama.

Tena msidhani jambo hili ni zito mno. Nchini Uganda, watafiti waliwafundisha watoto wa shule za msingi, wenye umri wa miaka kumi hadi kumi na miwili, namna ya kupima madai ya dawa. Shule 120 zilishirikishwa, na ni kura iliyoamua zipi zifundishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika shule zilizofundishwa, watoto 69 kati ya 100 walifaulu mtihani. Katika zile nyingine walifaulu 27. Kama mtoto wa darasa la tano anaweza kuuliza "umejuaje?", sisi wazazi tunashindwa na nini?

Shemeji yangu alirudi hospitalini wiki mbili baadaye kumpeleka mtoto akachunguzwe. Alimtafuta yule daktari kijana, akamwomba radhi kwa kelele za usiku ule. Daktari akacheka, akamwambia kwamba kelele hazikumsumbua. Kilichomsumbua, alisema, ni wale wazazi wanaonyamaza, wanaokubali kila kitu, kisha wakifika nyumbani wanafuata ushauri wa jirani.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye barua zenu. Hadi wakati huo, nakutakia wewe na watoto wako afya njema.